Sado, Fungu na Dola: Namna Ufukara Unavyopimwa

Sokoni Bunda, mkoani Mara, dagaa hawaendi kwa kilo. Wanauzwa kwa sado, kopo la rangi lililomaliza kazi yake ya kwanza likapewa ya pili, au kwa fungu lililopangwa juu ya gunia. Mahindi yana debe lake, unga una kopo lake, na muhogo mkavu unapimwa kwa macho. Mama anayerudi nyumbani jioni hasemi amenunua gramu mia mbili za dagaa. Anasema fungu moja. Na mafungu hayalingani. La asubuhi, mzigo ukiwa umeingia kutoka Guta au Kibara, ni kubwa kuliko la jioni. La siku za giza ziwani ni kubwa kuliko la siku za mbalamwezi. Bei haibadiliki, fungu ndilo linalosinyaa.

Siku mdadisi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu anapopiga hodi kwa mama huyo na dodoso lake, fungu hilo linaanza safari ndefu. Litageuzwa gramu, gramu zigeuzwe kalori na shilingi, shilingi zijumlishwe na za kaya nzima, jumla igawanywe kwa vichwa. Baada ya miezi mingi, mbali na Bunda, litakuwa limeyeyuka ndani ya asilimia moja inayosomwa kwenye taarifa ya habari: maskini wa Tanzania ni kadhaa, mafukara wa dunia ni kadhaa.

Mhadhara huu unalifuata fungu hilo. Hoja yake ni kwamba takwimu ya ufukara huzaliwa kwenye swali, na swali likiulizwa kwa namna nyingine maskini huongezeka au hupungua kwa mamilioni, ingawa sahani ya kila mtu imebaki kama ilivyokuwa jana. Mkazi wa Bunda, Butiama au Musoma ana haki ya kulijua hilo, kwa sababu asilimia hizo ndizo zinazotumika kuamua mikoa ipi isaidiwe, kaya zipi ziandikishwe na nani aonekane amekwisha kujikwamua.

Mstari wa umaskini wa Tanzania Bara unatokea jikoni. Wataalamu huchukua vyakula ambavyo watu wa hali ya chini wanavila kweli, kwa bei wanazonunulia kweli, kisha hutafuta gharama ya kapu litakalompa mtu mzima kalori 2,200 kwa siku. Huo ndio mstari wa chakula. Juu yake huongezwa kiasi cha sabuni, nguo, nauli, dawa na vitu vingine ambavyo mtu hawezi kuishi bila kuvigusa, ukapatikana mstari wa mahitaji ya msingi. Katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, mstari wa chakula ulikuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa mahitaji ya msingi shilingi 49,320. Ukigawa kwa siku 30 unapata takriban shilingi 1,125 na shilingi 1,644.

Inafaa kusimama kidogo hapo. Shilingi 1,644 ni za kila kitu: ugali, mboga, kuni au mkaa, daftari la mtoto, panadol, na mchango wa msiba. Na ndani yake zimehesabiwa pia zile ambazo hazikupita mkononi kama fedha, kwa maana muhogo uliochimbwa shambani kwako na samaki uliyepewa na shemeji navyo hutiwa bei na kuingizwa kwenye hesabu. Mtoto hahesabiwi kama mtu mzima kamili, anahesabiwa sehemu ya mtu mzima, kwa umri na jinsia. Anayebaki chini ya mstari wa mahitaji ya msingi anaitwa maskini. Anayebaki chini ya mstari wa chakula ni yule ambaye hata angeuza sabuni na nguo zake akaweka kila kitu tumboni, kapu lisingejaa.

Kwa vipimo hivyo, asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa maskini mwaka 2017/18, na asilimia 8.0 walikuwa chini ya mstari wa chakula. Vijijini maskini walikuwa asilimia 31.3, mijini asilimia 15.8. Miaka kumi na moja kabla ya utafiti huo asilimia ya maskini nchini ilikuwa juu zaidi, theluthi moja na ushei. Hapo kuna mafanikio ya kweli. Lakini watu nao waliongezeka, kiasi kwamba Benki ya Dunia ilipohesabu vichwa badala ya asilimia ilikuta maskini wamepanda kutoka takriban milioni 13 mwaka 2007 hadi takriban milioni 14 mwaka 2018. Asilimia inashuka, vichwa vinapanda, na kauli zote mbili ni sahihi. Msemaji huchagua moja.

Halafu linakuja jambo linalowashangaza wengi. Kutokana na madaftari hayohayo ya 2017/18, Benki ya Dunia ilitoa hesabu nyingine: karibu nusu ya Watanzania, kama asilimia 49, waliishi katika umaskini uliokithiri wa kimataifa. Robo kwa upande mmoja, nusu kwa upande mwingine, na mama aliyehojiwa ni mmoja. Hakuna aliyedanganya. Kilichotofautiana ni mstari: wa taifa uko chini, wa dunia wakati ule ulikuwa dola 1.90 kwa siku na ulikuwa juu zaidi.

Dola hiyo nayo si ile ya kwenye duka la kubadilishia fedha. Mwaka 2018 dola moja ya sokoni ilipata shilingi zinazokaribia 2,250, lakini shilingi hizo Bunda zinanunua vingi kuliko dola moja inavyonunua Chicago, ambako hazitoshi hata kikombe cha chai. Ndiyo maana tangu mwaka 1968 umekuwapo mradi wa kimataifa wa kulinganisha bei za bidhaa nchi kwa nchi, ili kupata dola ya uwezo wa kununua: kiasi cha fedha kitakachonunua kapu lilelile popote. Mwaka 1990 Martin Ravallion na wenzake wa Benki ya Dunia waliitumia dola ya namna hiyo kuangalia mistari ya umaskini ambayo nchi fukara zilikuwa zimejiwekea zenyewe, wakaona kadhaa inakusanyika karibu na dola moja kwa siku. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi wa dola moja kwa siku.

Mwaka 2008 mstari ukawa dola 1.25, ambayo ilikuwa wastani wa mistari ya nchi 15 zilizokuwa maskini kuliko zote. Tanzania ilikuwamo, pamoja na Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Kipimo kilichotumika kumhesabu fukara wa Bangladesh na wa Bolivia kilichanganywa, kwa sehemu yake ndogo, na muhogo, mahindi na dagaa wa jikoni za Tanzania.

Mstari uliendelea kusogezwa: dola 1.90 mwaka 2015, dola 2.15 mwaka 2022, na Juni 2025 dola 3.00. Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa kubwa. Kwa hesabu ya zamani mafukara wa dunia mwaka 2022 walikuwa milioni 713. Kwa hesabu mpya, mwaka uleule, wakawa milioni 838. Watu milioni 125, karibu sawa na watu wote wa Tanzania na Kenya wakijumlishwa, waliingia katika ufukara kwa siku moja, kwenye karatasi. Sababu zina msingi: bei zilipimwa upya, na nchi nyingi maskini zilikuwa zimeinua mistari yao zilipoanza kupima matumizi kwa uangalifu zaidi. Uganda ilipitia hali kama hiyo. Kwa muda mrefu ilitumia mstari uliotengenezwa miaka ya 1990, na kwa mstari huo maskini wa 2019/20 walikuwa karibu asilimia 20. Ulipotumika mstari uliohuishwa wakawa kama asilimia 30.

Kabla ya Benki ya Dunia, watu wa mwambao walikuwa na mstari wao, tena wa kisheria. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, walipotaka kujua nani apewe zaka walitenganisha fakiri na maskini. Mtu anayehitaji kumi akapata mbili au tatu ni fakiri. Anayehitaji kumi akapata saba au nane ni maskini. Hesabu hiyo haianzi na dola wala kalori, inaanza na hitaji la mtu mwenyewe: ana watoto wangapi, anaishi mji gani, anauguliwa na nani. Anayehitaji kumi mashariki ya Serengeti si lazima ahitaji kumi Unguja. Kiswahili nacho kimezihifadhi ngazi hizo na kuzizidisha, tangu mlalahoi anayefanya kazi mchana kutwa na kulala akiwa hoi, hadi hohehahe asiyekuwa na mbele wala nyuma. Wataalamu wa takwimu wa kisasa walichelewa sana kufika hapo. Ni mwaka 1976 tu ndipo mchumi Amartya Sen alipoandika kwamba kuhesabu vichwa vilivyo chini ya mstari hakutoshi, inabidi kujua pia kila kichwa kiko chini kwa kiasi gani. Fakiri wa mbili na maskini wa nane, kwa hesabu ya vichwa, ni sawa.

Sasa turudi kwa mdadisi aliye mlangoni, kwa sababu hapo ndipo penye utajiri wa jambo hili.

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 ulifanyika Tanzania utafiti ambao wapimaji wa umaskini duniani kote hawawezi kuukwepa. Watafiti wanne, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt, Jed Friedman na John Gibson, hawakutaka kujua maskini ni wangapi. Walitaka kujua swali lenyewe linafanya nini. Wakaingia katika vijiji na mitaa 168, katika wilaya saba za mikoa ya Dodoma, Pwani, Dar es Salaam, Manyara, Shinyanga na Kagera, wakahoji kaya zipatazo 4,000. Kila mahali waligawa kaya kwa bahati nasibu katika makundi manane, na kila kundi likaulizwa matumizi yake kwa namna tofauti. Majirani waliokula mboga za bonde moja na kununua chumvi duka moja walikutana na madodoso tofauti.

Kundi moja lilisomewa orodha ya vyakula 58 na kuulizwa kila kimoja kililiwa kiasi gani katika siku 7 zilizopita. Jingine lilisomewa orodha hiyohiyo kwa siku 14. Jingine lilipewa orodha fupi ya vyakula 17, na jingine orodha ya mafungu 11 tu, kama nafaka kwa jumla na mboga kwa jumla. Wengine waliulizwa wanavyokula katika mwezi wa kawaida. Wengine waliachiwa daftari la kuandika kila siku; kaya nyingine zikapewa daftari moja, na katika kundi la mwisho kila mtu mzima alipewa daftari lake mwenyewe huku mdadisi akipita mara kwa mara.

Matokeo yake yanatisha. Kwa mstari mmoja wa dola 1.25, kundi la madaftari ya mtu mmoja mmoja lilionyesha ufukara wa asilimia 47. Kundi la orodha ya mafungu 11 lilionyesha asilimia 67. Alama ishirini, na hakuna sababu nyingine isipokuwa namna ya kuuliza, maana makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu. Walipopima njaa, yaani wasiopata kalori za kutosha, pengo lilikuwa kubwa zaidi: kutoka asilimia 19 hadi asilimia 68 kutegemea dodoso.

Mtu wa Bunda hahitaji shahada kuelewa kwa nini. Ukimuuliza mama, mlikula mboga kiasi gani wiki iliyopita, atakumbuka mchicha alioununua. Atasahau mlenda uliochumwa pembeni mwa njia. Hawezi kabisa kujua kwamba mume alikula samaki wa kukaanga na chapati mbili mwaloni, wanakotua wavuvi, wala kwamba binti alinunuliwa mihogo ya kuchemsha na shangazi yake. Daftari la kila mtu linavikamata hivyo vyote. Orodha fupi inavipoteza, na kila kinachosahaulika kinaisogeza kaya karibu na mstari, kisha chini yake. Nao mwezi wa kawaida ni fumbo. Mkulima gani wa pamba ana mwezi wa kawaida?

Hapa Ghuba ya Speke, kwenye Ziwa Victoria, ina somo lake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi gizani. Mbalamwezi ikishamiri, mwanga wa taa hauvuti kitu, mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na fedha inakauka mwaloni kote, kwa mvuvi, kwa mwanamke anayeanika dagaa, kwa mwenye kibanda cha chai. Giza likirudi, maisha yanarudi. Katika utafiti wa kitaifa wa 2011/12 kaya ziliweka kumbukumbu kwa siku 28, ambazo zinakaribia sana mzunguko mmoja wa mwezi. Katika ule wa 2017/18 muda huo ulipunguzwa hadi siku 14. Kulikuwa na sababu nzuri, kwani watu huchoka kuandika, na daftari la wiki ya nne mara nyingi huwa na mapengo. Lakini katika siku 14 kaya ya mwaloni inaweza kuangukia gizani au kuangukia mbalamwezi. Ukizijumlisha kaya nyingi, wastani hautapotea sana, kwa kuwa walioonekana wana hali nzuri watafidia walioonekana wana hali mbaya. Kinachoharibika ni ncha zote mbili. Familia zisizo fukara zinahesabiwa fukara kwa sababu ya mwezi uliokuwa angani, na nyingine fukara zinaonekana zimetoka, kwa sababu hiyohiyo.

Mkulima ana kalenda nyingine. Pamba huleta fedha mara moja kwa mwaka, msimu wa ununuzi ukifunguliwa, na fedha hiyo inapaswa kulipa madeni ya miezi yote iliyopita. Kuna miezi ya kusubiri mavuno ambapo kaya yenye ekari kadhaa na ng'ombe wawili inapika mara moja kwa siku. Utafiti wa kitaifa huzunguka nchi kwa miezi kumi na miwili ili kuikamata misimu yote, na hilo ni jema, ila kila kaya huhojiwa katika msimu mmoja tu. Nchi inapata mwaka mzima. Kaya inapata wiki mbili.

Upande wa mashariki wa wilaya ya Bunda, tatizo ni la usiku mmoja. Vijiji vya Hunyari na Kunzugu vinapakana na ikolojia ya Serengeti, na tangu biashara ya pembe za ndovu ilipopigwa marufuku duniani mwaka 1989, tembo wameongezeka na wamejifunza njia za mashambani. Wakulima hukesha na tochi, madebe ya kupigwa na kamba zilizopakwa pilipili. Kundi la tembo likipita katika shamba la mtama au mahindi lililokaribia kuvunwa, kaya iliyokuwa juu ya mstari saa mbili usiku huwa chini yake alfajiri. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kiwango cha juu cha shilingi 100,000 kwa ekari, zisizidi ekari tano, na malipo yakipungua kadiri shamba linavyokaribia mpaka wa hifadhi. Jina lenyewe linasema kweli: kinachofutwa ni jasho, gunia halirudi. Dodoso la umaskini linaweza kumkuta mkulima huyo kabla ya tembo au baada. Kile ambacho halipimi ni hofu ya kulala kila usiku ukijua kwamba huenda ukaamka fukara, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya mtu apande muhogo tu, asithubutu zao lenye faida. Wanaojali kupima ufukara wangepaswa kulijali hilo zaidi ya tarakimu ya pili baada ya nukta.

Kuna pia watu ambao kipimo hakiwakuti kwa sababu wameondoka. Vijana wa Bunda wako Mwanza, Dar es Salaam na kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, watafiti walifanya kazi ya subira: kaya zaidi ya 900 zilizohojiwa kati ya 1991 na 1994 zilitafutwa tena mwaka 2004, na watu wake wakafuatwa popote walipokuwa wamehamia. Ilionekana kwamba matumizi ya waliohama yalikua kwa alama 36 za asilimia zaidi ya wenzao waliobaki, hata walipolinganishwa na ndugu wa nyumba moja. Anayehesabu waliobaki tu anaiona nusu ya hadithi.

Na wapo ambao kipimo hakiwaoni ingawa wamekaa ndani ya nyumba iliyohojiwa. Kaya ikiwa juu ya mstari, kila aliyemo huhesabiwa si maskini, hata mke anayekula baada ya wote na ukoko ndio uliobaki. Caitlin Brown, Ravallion na Dominique van de Walle walichunguza takwimu za nchi 30 za Afrika na kukuta kwamba takriban robo tatu ya wanawake wenye uzito pungufu na watoto wenye utapiamlo hawamo katika ile sehemu ya tano ya kaya maskini kuliko zote. Wamo kwenye kaya ambazo orodha za msaada zinazipita. Hili peke yake lingetosha kumfanya mtaalamu yeyote aitazame asilimia yake kwa unyenyekevu.

Kwa kuona upungufu huo, Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa walianza mwaka 2010 kutumia kipimo cha umaskini wa pande nyingi. Kina vigezo 10, miongoni mwake lishe, vifo vya watoto, miaka ya shule, maji, choo, umeme na nishati ya kupikia, na anayekosa theluthi moja ya uzito wa vigezo hivyo huhesabiwa maskini. Kwa kipimo hicho zaidi ya nusu ya Watanzania walikuwa maskini kwa takwimu za 2015/16. Kwa mji kama Bunda, ambako ziwa linaonekana kutoka mlima Balili lakini jiko linategemea kuni, kipimo hicho kina maana. Kinaona yale ambayo shilingi hazioni.

Umaskini umekuwa jambo la kitaifa tangu siku za mwanzo. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliutaja kuwa adui pamoja na ujinga na maradhi, na chini ya serikali yake utafiti wa bajeti za kaya ulifanyika mwaka 1969 na tena 1976/77. Baada ya hapo palikuwa na ukimya hadi 1991/92. Katikati ya ukimya huo ndiko kuliko vita vya Kagera, maduka matupu, foleni za sukari na sabuni, na kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi. Miaka ambayo wazee wa Mara wanaikumbuka kuwa migumu kuliko yote haina utafiti wa kitaifa wa aina hii. Imebaki katika masimulizi, na masimulizi hayo yanastahili kuandikwa kabla wenye kumbukumbu hawajaisha.

Ni watu hao pia ambao wamekuwa wakimpima fukara kwa njia yao. Mwaka 1995 watafiti walipokaa na wanavijiji wapatao 6,000 katika vijiji 87 vya Tanzania na kuwauliza nani ni maskini na kwa nini, walipata majibu mapana kuliko ya dodoso lolote. Na tangu mwaka 2012, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umeitumia elimu hiyo kwa vitendo. Mkutano wa hadhara wa kijiji huitishwa, wananchi hutaja kaya zilizo hoi kuliko zote, kisha kaya zilizotajwa hupitia dodoso lenye maswali ya nyumba, mali, idadi na umri wa watu, na fomula hutoa alama. Mpango ulifika kaya zaidi ya milioni 1.

Vipimo hivyo viwili mara nyingine hugombana. Kijiji kinasema bibi huyu anayelea wajukuu wanne ni fukara. Fomula inaona bati juu ya nyumba aliyojengewa na mwanawe ambaye sasa ni marehemu. Kijiji nacho si malaika, kwani kuna jamaa wa viongozi na kuna wasiopendwa. Nchini Indonesia watafiti walizishindanisha njia hizo katika vijiji 640. Fomula ilikuwa sahihi kidogo zaidi ukipima kwa matumizi ya fedha, lakini wananchi waliridhika zaidi na orodha iliyotoka kwenye mkutano wao, na ilionekana kwamba wao walikuwa wakipima kitu kingine: uwezo wa mtu kujikimu, ujane, na nani ana ndugu wa kumkimbilia. Kwa maneno mengine, walikuwa karibu zaidi na wale mafakihi wa fakiri na maskini.

Bunda yenyewe haina asilimia yake katika utafiti wa 2017/18. Kaya zilizohojiwa Tanzania Bara nzima zilizidi kidogo 9,400, zikitosha kuusemea mkoa, zisitoshe kuisemea wilaya. Baada ya sensa ya 2012, iliyokuta watu 335,061 wilayani Bunda, ilichorwa ramani ya umaskini ya wilaya zote kwa kuunganisha sensa hiyo na utafiti wa 2011/12: nyumba zenye sura fulani zilikadiriwa kuwa na matumizi fulani. Ni kazi ya kitaalamu na ina manufaa. Ila ni makisio yanayotokana na sakafu na mapaa, na halmashauri inayoyatumia bila kuyapeleka kwenye mikutano ya vijiji inaacha nusu ya ushahidi mezani.

Yako mambo ambayo yangewezekana bila fedha nyingi. Matokeo yarudishwe kwa Kiswahili hadi kwenye mbao za matangazo za vijiji, pamoja na maelezo ya namna swali lilivyoulizwa. Mwezi angani uandikwe kwenye madaftari ya vijiji vya mwaloni, kama tarehe inavyoandikwa. Hasara ya tembo iwe na ukurasa wake. Na kila mdadisi anayekuja Bunda abebe mizani, apime sado la soko hili na mafungu ya soko hili, asubuhi na jioni, kwa sababu akifika jikoni na kumwambia mama ataje alichonunua jana, naye akijibu fungu moja la dagaa, swali linalofuata mama atakuwa nalo tayari kabla yake: la saa ngapi?